Darubini Isiyotikisika na Shahidi wa Mwezi

Jioni ya mwezi ishirini na tisa wa Shaaban, na tena jioni ya mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani, mgeni atakayefika kwetu Msambweni atashangaa kuona watu wameipa bahari mgongo. Siku nyingine zote bahari ndiyo inayotazamwa: nani amerudi, amepata nini, upepo umegeuka au la. Lakini jioni hizo mbili wazee husimama kwenye uwazi wowote wanaoupata, wakatazama bara.

Sababu yake ni nyepesi. Pwani yetu, kutoka Diani hadi Vanga, yaelekea mashariki. Mwezi mpevu hutoka baharini, na huo ndio mwezi wanaoujua watalii wa Diani, wanaokaa mchangani na kuupiga picha unapochomoza juu ya maji. Mwezi mchanga haujitokezi huko. Huonekana kwa muda mfupi tu upande wa magharibi, mara baada ya jua kutua, juu ya minazi na miembe na mgongo wa vilima vya Shimba, kisha nao ukazama kulifuata jua. Anayeutaka mwezi wa kufunga au wa kufungua hana budi kuiacha bahari na kutazama bara.

Ndugu msomaji, leo nataka kuzungumza juu ya mwezi huo, na juu ya chombo kimoja kipya kilichoingia katika mazungumzo yetu ya kila mwaka, nacho ni darubini ya macho mawili inayokuza sana na ambayo haitikisiki mkononi. Wako wanaosema chombo hiki kitatumalizia ugomvi wetu wote wa mwezi. Wako wanaosema ni bidaa, kisiguswe. Mimi nimekishika kwa mikono yangu, nikakitazamia, na naona pande zote mbili zimekosea. Kabla ya kusema kwa nini, acha nieleze yaliyotupata nyumbani miaka michache iliyopita.

Nina mpwa wangu afanyaye kazi Muscat. Mwaka ule alipata likizo mwishoni mwa Ramadhani, na ilikuwa miaka sita hajasali Idd kwao. Mamake, ambaye ni dada yangu, alianza kununua vitu vya pilau tangu kumi la katikati. Kijana alikuja na darubini hiyo begani. Akaniambia, "Mjomba, mwaka huu hatutasikia habari za mwezi kwa watu. Tutautafuta wenyewe." Siku ya ishirini na tisa tukapanda matatu hadi Ukunda, tukashuka Kombani, tukapanda nyingine hadi Kwale mjini. Tulichagua Kwale kwa sababu mji ule uko juu, kiasi cha mita mia nne juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi nchi yashuka kuelekea Kinango na nyika yote. Palipo na kilima kama hicho, upeo wa macho hushuka kidogo, kwa kadiri ya upana mmoja wa mwezi, na mtazamaji hupata dakika mbili tatu zaidi ambazo mtu wa pwani hazipati.

Mbingu ilikuwa safi. Jua likatua, tukatazama kwa zamu, mimi, mpwa wangu, na wazee watatu wa pale waliokuja na desturi yao ya miaka mingi. Tukatazama hadi nyota zikaanza kutoka. Hatukuona kitu. Tukashuka tukijua kesho tunakamilisha thalathini.

Hatujafika nyumbani, simu zikaanza kulia. Watu wawili, katika kijiji ambacho si mbali na kule tulikokuwa, walisema wameuona kwa macho matupu. Msikiti wa mtaani kwa dada yangu ukakubali. Msikiti wetu haukukubali. Asubuhi yake dada yangu alikwenda kusali Idd, akarudi, akapakua. Mwanawe alikuwa amefunga. "Mwanangu," alimwuliza, "wakikataa chakula changu siku ya Idd?" Kijana hakuwa na la kujibu. Alikuwa ameitazama mbingu ile ile nusu saa nzima kwa chombo kinachokuza mara 18, na hakuona kitu, angewezaje kula? Idd yake ilikuwa kesho yake, na jioni ya kesho hiyo alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Pilau aliyokula ilikuwa ya jana, iliyopashwa moto.

Huo si msiba, nakubali. Lakini jambo hilo halikutokea nyumbani kwetu peke yake, wala mwaka ule peke yake. Kufunga siku ya Idd ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru ni dhambi. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wanapotofautiana, kila mmoja anamwona mwenzake yuko makosani mbele ya Mungu. Zakatul-fitri yapasa itolewe kabla ya sala ya Idd; je, kabla ya sala ipi? Wafanyakazi wa hoteli za Diani huomba ruhusa ya siku moja, na zamu zao hupangwa mapema. Anayekosea siku hupoteza Idd yake. Mambo haya madogo yakirudiwa kila mwaka huacha kitu kichungu katika nyoyo.

Sasa tukiangalie chombo chenyewe. Neno darubini tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Mabaharia wengi hutumia darubini inayokuza mara 7, yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 50. Mtu aweza kuuliza, kwa nini 7 tu, na zipo zinazokuza zaidi? Jibu liko mkononi mwetu. Mkono wa mwanadamu hautulii. Pumzi huutikisa, mapigo ya moyo huutikisa, upepo huutikisa. Darubini ikikuza kitu mara 18, basi na mtikisiko nao hukuzwa mara 18. Ukipita mara 10 hivi, ile faida ya kukuza huliwa na mtetemeko, na mtazamaji huona kitu kinachochezacheza kama taa ya karabai ndani ya ngalawa. Dawa ya zamani ilikuwa kuiweka darubini juu ya miguu mitatu, au mtu kuegemea mnazi.

Katika mwaka wa 1990 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitoa darubini ya kukuza mara 20 ambayo ndani yake vipande vya kioo vimening'inizwa kwa namna ya kutulia vyenyewe hata mkono ukitetemeka, bila ya betri. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Canon ya Ujapani ikaja na njia nyingine. Ndani ya kila jicho la darubini mna vioo viwili bapa vilivyounganishwa kwa kitu laini kama mvukuto, na katikati yake mna mafuta ya silikoni. Vipimo vidogo vya umeme huhisi mkono unavyotikisika, na papo hapo vioo hivyo huinamishwa kidogo ili kuurudisha mwanga mahali pake. Mtu hubonyeza kitufe tu, na kile kilichokuwa kikichezacheza husimama kimya. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipobonyeza nilishtuka, kana kwamba mtu mwingine amenishika mikono.

Ile ya mpwa wangu ilikuwa ya namna hiyo, ya kukuza mara 18 na lenzi za milimita 50. Uzito wake wapita kidogo kilo moja, na bei yake yapita dola elfu moja za Marekani. Si kitu cha kila nyumba.

Je, yasaidia nini katika mwezi? Mwezi wa siku ya kwanza ni uzi mwembamba sana uliowekwa juu ya mbingu ambayo bado ina mwanga wa jua. Tatizo si umbali. Tatizo ni kwamba uzi ule na mbingu yake karibu ni rangi moja. Jicho tupu haliutambui kwa sababu ni mwembamba mno. Darubini huupanua, na jicho likapata kitu cha kushika. Na kwa kuwa haitikisiki, mtazamaji aweza kulipitia anga taratibu, kipande kwa kipande, bila ya kudanganywa na mtetemeko wake mwenyewe.

Lakini hata darubini ina mpaka. Mnajimu wa Kifaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mwezi ukiwa karibu mno na jua, chini ya digrii 7 hivi, uzi wenyewe haupo wa kuonekana. Digrii 7 ni pungufu kidogo ya upana wa ngumi yako ukiinyosha mbele. Mwezi hujitenga na jua kwa nusu digrii hivi kila saa, kwa hiyo lazima saa nyingi zipite tangu kuungana kwao. Aliyewahi kuuona mwezi mchanga zaidi kwa jicho tupu, kwa rekodi inayotajwa sana, ni Mmarekani Stephen O'Meara, Mei 1990, ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32. Kwa darubini, Mohsen Mirsaeed wa Iran aliuona Septemba 2002 ukiwa na saa 11 na dakika 40, naye alitumia darubini kubwa ya macho mawili ya kukuza mara 40, ambayo hakuna awezaye kuishika mkononi. Mtu akikuambia ameuona kwa macho matupu mwezi wa saa 8 kutoka uwanjani kwao, una haki ya kumwuliza maswali.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Wengi hudhani kazi ya darubini ni kutuongezea miandamo, yaani kutuwezesha kuuona mwezi mapema kuliko majirani zetu. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kinyume cha hivyo. Faida yake kwetu ni kutupunguzia mashahidi wa makosa. Ikiwa mbingu ni safi, na watu watano waaminifu wamesimama juu ya Kwale na chombo kinachokuza mara 18 bila ya kutikisika, wamelipitia anga lote la magharibi wasione kitu, basi shahidi wa jicho tupu aliyekuwa bondeni karibu na hapo hapaswi kukubaliwa kwa neno moja tu la "nimeuona". Simwiti mwongo. Namwita mwanadamu, na mwanadamu huona anachokitamani.

Mambo yanayofanana na mwezi ni mengi. Iko Zuhura, nyota ing'arayo magharibi miezi mingine, ambayo wingu jembamba likiikata huonekana kama kitu chenye umbo. Uko moshi wa ndege zinazopita juu, unaopigwa na jua lililokwisha kutua kwetu. Iko kingo ya wingu. Na yuko unyusi. Husimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, alipokuwa mzee sana kule Basra, alitoka na watu kuutafuta mwezi, akasema ameuona, na hakuna mwingine aliyeuona. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mmoja mweupe wa unyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Hakumkaripia, wala hakumkadhibisha mbele ya watu. Aliunyoosha unyusi ule kwa adabu, kisha akamwomba awaonyeshe tena mahali mwezi ulipo. Mzee akatazama, akasema hauoni.

Naipenda hadithi hiyo kwa sababu ya adabu ya yule kadhi. Hakusema sahaba ni mwongo. Alimhoji na kumsaidia kwa pamoja. Darubini yetu isiyotikisika ingetumiwa vivyo hivyo: kumnyooshea shahidi unyusi wake.

Na maswali ya kumwuliza shahidi yako, hata bila ya darubini. Uliuona upande gani wa mahali jua lilipotua, kaskazini au kusini? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Sisi tulio digrii 4 tu kusini ya ikweta, mwezi wetu mchanga hulala chali kama dau, umeinama kidogo upande huu au ule kwa kufuata majira. Tumbo lake, ile sehemu yenye mwanga, daima huelekea kule jua lilikozama. Anayesema pembe zilitazama chini ameona kitu kingine. Wavuvi wetu wanayajua mambo haya. Mvuvi wa Msambweni hahitaji kalenda kujua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba mwezi ukikaribia kuandama maji hujaa na kutoka kwa nguvu. Maarifa hayo tunayaacha yazikwe na wazee, kisha usiku wa ishirini na tisa twangoja simu ilie.

Jambo la pili ambalo darubini yafaa ni kuelekeza jicho. Mwaka uliofuata, mpwa wangu alikwisha kurudi Muscat lakini chombo alikiacha kwangu. Tukapanda tena Kwale. Safari hii, dakika kumi na mbili hivi baada ya jua kuzama, mmoja wetu akauona katika darubini, mwembamba kama unywele wa mvi. Akatuonyesha: juu ya mti ule, kushoto ya wingu lile. Tukatazama kwa zamu. Mzee mmoja wa pale, aliyepita miaka sabini, alikataa kutazama kwa darubini. Alisema, "Nionyesheni mahali tu." Akasimama akitazama hapo hapo. Anga likazidi kupoa, na dakika nane hivi baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Huo." Nasi tukauona kwa macho yetu matupu, sote sita, pamoja na kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria. Usiku ule hapakuwa na neno. Misikiti yote miwili ya mtaani kwetu ilianza kufunga siku moja.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga. Wa kwanza husema Mtume alituamuru tufunge kwa kuuona na tufungue kwa kuuona, na tukifunikwa na wingu tukamilishe thalathini. Wala hakutaja darubini. Ni kweli. Lakini karibu kila mzee anayetoka kuutafuta mwezi leo amevaa miwani, na sijasikia ushahidi wa mwenye miwani ukikataliwa. Lenzi iliyo puani na lenzi iliyo mkononi ni ndugu. Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudia lilikubali katika mwaka wa 1983 kwamba mwezi ukionekana kwa uhakika kwa darubini utumiwe, hata kama haukuonekana kwa jicho tupu. Wanavyuoni wengine hawakukubali, na wana hoja zao.

Mimi si mwanachuoni. Lakini kama mwananchi nasema naelewa hofu ya hao wasiokubali. Vyombo havina mwisho. Tarehe 8 Julai 2013, mwezi uliotangulia Ramadhani ya mwaka wa 1434 Hijria ulipigwa picha na Mfaransa Thierry Legault katika dakika ile ile ya kuungana na jua, mchana, kwa darubini na kamera ya mwanga usioonekana kwa macho. Umri wake ulikuwa sifuri. Tukisema kila kinachoonwa na chombo ni muandamo, basi hatuna tena haja ya kutoka nje wala ya kutazama. Kwa hiyo naona tuweke mpaka: darubini ya mkononi, mbele ya watu, baada ya jua kutua, nayo ituonyeshe mahali. Ikitokea umeonekana katika darubini tu, na jicho tupu halikuufikia hadi ukazama, basi iandikwe saa, mahali na majina ya waliotazama, na khabari ipelekwe kwa Kadhi, yeye na wanavyuoni waamue. Wasiamue wapiga simu.

Wa pili husema: maadamu hisabu za falaki zajulikana, kwa nini tusumbuke kupanda vilima? Mwezi wa mbinguni huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44 kutoka muungano hadi muungano, na wataalamu waweza kutuambia miaka mingi mbele utakuwa wapi. Hisabu naiheshimu, sisi wenyewe kabla ya kupanda Kwale huangalia mwezi utazama saa ngapi. Lakini hisabu yatuambia mwezi utakuwa wapi. Haituambii kama wingu la Shimba litakuwa mbele yake. Na amri ni ya kuuona.

Wa tatu husema: kwa nini tusifuate Makka, tukamaliza? Swali hili ni la fikihi na lina historia ndefu, tangu siku zile Ibn Abbas alipokuwa Madina asiufuate mwandamo wa Sham ulioletwa na Kuraib. Sitaliamua hapa. Ila nataka msomaji ajue jambo moja la jiografia ambalo wengi hawalijui. Makka na Kwale zimekaa karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, takriban digrii 39 na nusu mashariki. Wao wako kaskazini yetu moja kwa moja, wala hatupishani nao sana katika saa za jua. Muscat iko mbali zaidi mashariki, na huko jua huzama kabla ya kwetu, miezi mingine kwa nusu saa hivi, miezi mingine kwa karibu saa mbili. Kwa hiyo mwezi uliowakimbia watu wa Oman waweza kabisa kuonekana Kwale jioni hiyo hiyo, na hapo hapana wa kumcheka mwenzake. Mpwa wangu husema kwamba hata huko Oman mwaka mwingine hufunga siku tofauti na majirani zao wa Saudia, na watu hawavunji undugu.

Basi nini nipendekezacho? Kwanza, wenye uwezo katika kaunti yetu, misikiti ikichangiana, wanunue darubini moja au mbili za namna hii, ziwe mali ya wote, ziwekwe chini ya mtu anayejulikana, na kila jioni ya ishirini na tisa zipandishwe Kwale mbele ya watu. Pawe na mjumbe wa kadhi, pawe na wavuvi, pawe na mwalimu wa jiografia, na pawe na vijana. Pili, shahidi yeyote wa jicho tupu kutoka kijiji chochote aulizwe yale maswali matatu kwa upole kabla ya habari zake kupita kwenye simu. Tatu, darubini isielekezwe magharibi hata kidogo kabla jua halijazama lote. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu chombo kinachokuza mwezi hukuza na jua, na kutazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, kwaweza kulipofua jicho. Watoto wasiachiwe.

Na ikiwa wingu limetanda, kama litandavyo mara nyingi juu ya Shimba wakati wa kusi, basi tukubali kwamba wingu ni wingu. Hakuna lenzi, ya Wajerumani wala ya Wajapani, inayopenya wingu. Hapo darubini irudi mfukoni mwake, na sisi tukamilishe thalathini kwa amani.

Najua wako watakaosema kwamba tatizo letu si kuona bali ni kuaminiana. Nawaunga mkono, na ndiyo maana naitaka darubini hii. Mtu mmoja akisema ameuona, nalazimika kumwamini au kumkadhibisha. Watu thelathini wakisimama pamoja juu ya kilima, wakapokezana chombo kimoja kinachosimama kimya mikononi mwa kila mmoja, kijana na mzee, wa msikiti huu na wa msikiti ule, basi hakuna aliye shahidi peke yake. Ama tumeuona sote, ama tumeukosa sote. Na hata kuukosa pamoja ni bora kuliko kuuona kila mtu kwake.

Dada yangu hakunisamehe upesi. Alisema mimi na darubini yangu tulimnyang'anya Idd ya mwanawe. Ramadhani iliyofuata nilimwalika apande nasi Kwale. Alisema miguu haimpi. Lakini usiku ule wa yule mzee aliyesema "Huo", tuliporudi Msambweni tulimkuta amesimama nje mlangoni, ameipa bahari mgongo, anatazama juu ya miembe ambako mwezi ulikuwa umekwisha kuzama. Alituuliza swali moja tu: "Mmeuona kwa macho?" Tukamwambia ndiyo, kwa macho, na watu sita. Akaingia ndani kupika daku.

Mwenye maoni mengine na ayalete. Ukurasa huu ni wa wote.